Bibi Alizira Nini?

Juzi mwanangu kaniambia, "Mama, usimaindi." Nilikuwa nimemnunia kidogo kwa sababu hakugusa chakula changu. Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba kwetu Goweko neno lenyewe lilikuwa kuzira. Mtu akikataa chakula au akiacha kuja kwenu kwa maneno madogo tu, huyo kazira. Mtoto aliyezira hakubembelezwa. Sisi wengine tuligawana mboga yake kwa furaha kabisa.

Sasa ngoja nikuchanganye kama nilivyochanganyikiwa mimi. Kwa wazee wetu, kuzira kulikuwa pia kuacha chakula fulani kwa sababu ni mwiko wa ukoo. Neno lile lile, na hasira hamna.

Bibi alikuwa na jirani aliyetokea Ulyankulu. Walikaa pamoja tangu asubuhi wakifunga majani ya tumbaku kwa kamba, mikono imenata utomvu, wakitaniana mpaka sisi watoto tunaona aibu. Siku moja jirani akasema ugali wa bibi una madonge. Bibi alicheka, ila alichelewa kucheka. Kesho yake jirani akaleta nyama ya kanga, yule ndege wa porini, kaiunga kwa karanga, ua mzima unanukia. Bibi hakunawa.

"Mimi nazira," alisema.

Jirani alimtazama, akasema, "Haya, mama," akaenda zake. Hakurudi tena kufunga tumbaku. Bibi naye akawa anasema, "Muone, kitu kidogo tu kazira," na hakumfuata. Nyama tulikula sisi, na ilikuwa tamu.

Mpaka leo mama yangu anashikilia kwamba kanga ni mwiko wa ukoo wa bibi. Shangazi anasema mwiko huo hajawahi kuusikia. Mimi nawasikiliza wote wawili na kila mmoja naona kasema kweli. Kanga wenyewe siku hizi huwaoni, na vijana wanamaindi tu.

Bibi alipofariki, jirani alikuja msibani, kazeeka, anatembelea fimbo. Nilimwamkia shikamoo. Alinishika mkono, akauliza taratibu, "Mwanangu, bibi yako alizira nyama, au alinizira mimi?"

Nikamwambia sijui. Akakaa chini pale pale mlangoni, akalia kuliko sisi wenye msiba.