Nani Alipeleka Maneno ya Godefroid Mwenze

Godefroid Mwenze alianza kumshuku rafiki yake asubuhi moja, ofisini kwa Monsieur Aristote, mkuu wa madereva. Aliitwa, akavua kofia, akaketi. Aristote hakuwa mtu wa kupiga kelele. Aliitazama kompyuta yake kidogo, kisha akauliza kwa upole:

“Mwenze, ile dawa ya sukari ya mama yako, hakuna mutoto mwingine wa kumupelekea? Lazima ikuwe weye, na kamyo ya kampuni, na muzigo wa batu nyuma?”

Kwamba kamyo ilisimama mtaa wa Kampemba, kwa mama yake Mwenze, hilo lingejulikana; gari zote zilikuwa na kifaa cha kuonyesha zilipo, na madereva walikizoea kama walivyozoea vumbi. Lakini kifaa kile kilionyesha njia, hakikuonyesha dawa. Nani alimwambia Aristote habari ya dawa?

“Pardon, chef,” alisema. “Haitarudia.”

Alipotoka nje alikuwa na jina moja kichwani. Kazini, mtu aliyejua habari ya dawa alikuwa mmoja tu, aliyeambiwa wakiwa wawili ndani ya kamyo: Clément Mbuyi.

Mwenze na Clément walibeba mchanga wa madini kutoka Kipushi hadi Lubumbashi, kila mmoja na kamyo yake, miaka mingi bila ugomvi. Mwenze alikuwa wa watu wa kaskazini ya mkoa, mtoto wa mfanyakazi wa reli. Clément alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa hapa, yeye mtoto, alilala na mama yake chini kituoni wakingoja treni ya kuwapeleka kwao, mahali ambapo yeye hakuwahi kupaona. Baba yake Mwenze ndiye aliyekuwa akiwapelekea maji kwa ndoo. Baadaye Clément alirudi, akatafuta familia ile, akamkuta Mwenze. Kwa kuwa Clément alimzidi umri, Mwenze alimwita yaya, kama kaka yake mkubwa.

Sasa mambo yalikuwa yamebadilika kazini. Kampuni ilileta visanduku vyeusi, vidogo kama sabuni ya kufulia, vikabandikwa juu ya kioo, jicho likimtazama dereva. Fundi aliyeviweka alisema vinaangalia macho tu: dereva akisinzia, kisanduku kinalia na habari inafika ofisini. Kule mgodini, alisema, hata pampu za maji siku hizi zinatuma habari zenyewe zikianza kuchoka, sembuse gari. Madereva walicheka. Kifaransa cha mjini kina neno moja, mouchard, kwa mashine inayoandika mwendo wa gari na kwa mtu anayepeleka maneno kwa wakubwa. Wakakiita hivyo, mouchard, wakaendelea na kazi.

Baada ya siku ile ya Aristote, neno hilo likaanza kuzunguka kwa maana yake ya pili. Dereva mmoja aliulizwa kwa nini alimtukana mlinzi wa getini. Mwingine aliambiwa asahau mpango wake wa kutafuta kazi kwa Wachina. Mambo ambayo watu waliambizana wawili wawili yalikuwa yakifika mezani kwa mkuu.

“Kati yetu iko mouchard wa miguu mbili,” alisema Chomba, dereva mnene aliyependa kuongea. Akamtupia Mwenze jicho. “Na weye unajua batu gani banapenda kukaa karibu na ba chefs.”

Mwenze alijua Chomba anamaanisha watu wa Kasai. Zamani angemkatiza. Safari hii alinyamaza, na ule ukimya wake ulimshangaza mwenyewe.

Akaamua kumtega Clément. Walikuwa Kipushi, foleni ya kupakia ni ndefu, jua linachoma. Clément alikuja kupanda katika kamyo ya Mwenze, kama kawaida yao, wakaacha injini inanguruma ili wapate hewa baridi. Mwenze akasema, kama mtu anayewaza kwa sauti:

“Yaya, kesho nitapita ku mupaka. Kuko muntu wa Zambia atanipatia unga. Nitaficha mifuko nyuma ya kiti.”

Clément aligeuka haraka. “Mwenze, acha hiyo. Wakikukamata hautabakia na kazi. Unga iko hata mu Kampemba.”

“Njo vile nimeamua.”

“Basi mimi sikusikia kitu,” alisema Clément, akatikisa kichwa.

Kesho yake Mwenze hakupita mpakani wala hakubeba unga. Lakini alipofika kwenye geti la kampuni, mlinzi ambaye kwa kawaida alimpungia tu mkono alimwomba ashuke, akapanda, akainua kiti, akamulika nyuma yake kwa taa ya simu. Hakukuta kitu. “Amri ya juu,” alisema, bila kumtazama usoni.

Mwenze alibaki amesimama kando ya gurudumu. Alikuwa ameutafuta ushahidi, na sasa alipoupata alitamani asingeupata.

Mkewe Annie alikuwa muuguzi katika kituo cha afya huko Kampemba. Jioni ile alimwona mumewe anasukuma sahani ya bukari, ugali wa kwao, bila kula, akamwuliza, naye akaeleza yote.

“Papa Benita, ngoja kwanza,” alisema Annie. “Kwetu frigo ya chanjo iko na kakintu kadogo kanapima baridi, kanatuma habari ku zone ya santé, kwa wakubwa wetu. Mwanzo tulipata barua: kwa nini frigo inafunguliwa kila saa? Tukasema njo mama wa kufagia anatushitaki, juu tulikuwa tunaweka mule sucré, soda zetu. Tulimunyamazia yule mama, hata salamu hatukumupa. Kumbe kale kakintu kanahesabu kila mara mulango inafunguliwa. Tulimuonea bure.”

“Frigo haina masikio,” alisema Mwenze. “Aristote alijua unga. Alijua dawa. Hivyo ni vitu vya mdomo.”

“Mimi nakuambia tu. Usiseme na Clément kabla ya kujua.”

Hakumsikiliza. Wiki ile ile, kwenye kibanda cha mama mmoja anayewapikia madereva samaki na mboga ya lenga-lenga, Clément alikuja kuketi kando yake kama siku zote. Mwenze alisogeza sahani yake mbali.

“Kuko nini, ndugu yangu?” aliuliza Clément.

“Kula na ba chefs wako. Si njo unawapelekea maneno?”

Clément alidhani ni mzaha, akaanza kutabasamu. Ndipo Mwenze akatamka lile jina ambalo watu wa Kasai waliitwa miaka ile ya treni, jina la kumfananisha mtu na mdudu. Alilisema kwa sauti, wengine wakasikia. Chomba aliinamia chakula chake. Mama mpishi aliacha kukoroga.

Clément aliosha mikono yake polepole, akaikausha kwenye suruali, akaenda zake.

Tangu hapo Mwenze alisafiri peke yake na mawazo yake. Alianza kuwashuku wote. Akisikia madereva wanacheka nyuma yake, alidhani wanamcheka. Hata Annie akiongea kwenye simu chumbani, alitega sikio. Wakati huohuo mama yake akazidiwa. Kidonda cha mguu hakikupona, na daktari akamwambia Mwenze, pembeni, kwamba huenda mguu ukakatwa chini ya goti. Mwenze hakumwambia mama, hakumwambia Annie, hakuwaambia ndugu zake. Aliona akilitamka litakuwa kweli.

Alilitamka mara moja tu. Alikuwa njiani kutoka Kipushi, peke yake ndani ya kamyo, akaanza kusali kwa sauti, machozi yanamtoka. “Mungu, huo mguu njo ulitembea kutafuta chakula yetu. Usiache bakate mguu ya mama yangu.” Alisali hivyo kwa muda mrefu, mara anasema Kiswahili, mara Kiluba cha baba yake, kisha akajifuta uso na kuendelea.

Siku iliyofuata alikutana na Aristote uani, kati ya magari. Mkuu yule alimshika begani, kwa huruma ya kweli. Hilo Mwenze hakulikana hata baadaye.

“Courage, Mwenze. Siku ya operation utaniambia, nitakupatia ruhusa. Mutu anaishi hata na mguu moja.”

Mwenze alimtazama. Magari yalikuwa yananguruma pande zote lakini yeye hakuyasikia tena.

“Chef, nani alikuambia mambo ya mguu?”

Macho ya Aristote yalikimbilia kwenye kioo cha kamyo iliyokuwa karibu, pale palipobandikwa kisanduku, kisha yakarudi. “Batu banasema,” alijibu.

“Batu gani? Ile habari nilimwambia Mungu peke yake.”

Aristote aliondoa mkono begani. Akasema kisanduku kinachukua sauti pia, lakini kidogo tu, dereva akipiga breki ya nguvu, kwa ajili ya usalama. Ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi za mkataba, alisema, Kifaransa, ukurasa wa mwisho.

“Siku ya unga tulikuwa tumesimama,” alisema Mwenze. “Tulipiga breki gani?”

Aristote aligeuka, akaelekea ofisini.

Kabla ya giza alifika nyumbani kwa Clément. Ngalula, mke wa Clément, alimfungulia bila kumkaribisha, akamwita mumewe. Clément alitoka, akasimama mlangoni. Mwenze alieleza yote, mchafu wa vumbi, maneno yakigongana: dawa, unga, sala, kisanduku.

“Yaya, nilikosa. Naomba radhi. Ilikuwa ile mashini.”

Clément akasema: “Mashini njo ilipeleka unga na dawa. Sawa, nimesikia. Lakini lile jina, Mwenze, mashini ilikufundisha?”

Mwenze aliinamisha kichwa.

“Baba yako alituletea maji,” alisema Clément. “Kwa sababu yake, mi sitakufungia mulango. Lakini usiniharakishe.”

Kesho yake Mwenze aliwaambia madereva wote. Walikwenda ofisini kwa kundi, Mwenze na Clément wakiwa pande mbili tofauti za chumba. Wengine walitaka visanduku ving’olewe. Chomba ndiye aliyevitetea, watu wakashangaa: kisanduku kilimwamsha kwenye kona ya kuingia mjini, gurudumu likiwa tayari kwenye mtaro. “Macho, kiangalie,” alisema. “Masikio, hapana.” Hilo likawa ombi lao.

Kampuni ilikubali. Fundi alirudi, akapanda kila kamyo, akabonyeza simu yake, akasema sauti imefungwa. Madereva waliuliza watajuaje. Alionyesha alama nyekundu kwenye simu. Ilikuwa simu yake, na aliondoka nayo.

Mguu wa mama ulikatwa mwezi uliofuata. Mama alilia, kisha akazoea, na sasa anagombana na kila anayetaka kumsukuma kwenye kiti chake. Clément na Ngalula walikuja hospitali na mikate, wakakaa na mama zaidi kuliko walivyokaa na Mwenze.

Siku hizi ukipita Kipushi saa ya foleni, utawaona madereva wamesimama upande wa pili wa barabara, mbali na magari yao, wanaongea juani huku injini zikinguruma kwa baridi isiyo na mtu wa kuifaidi. Clément yuko pale pia. Anamsalimia Mwenze, anamwuliza hali ya mama. Juzi mvua iliwakuta, wote wakakimbilia kwenye kamyo. Mwenze alimfungulia mlango, akamwita: “Yaya, panda basi, utalowa!”

Clément alitazama kiti, akatazama kisanduku kwenye kioo.

“Hapana,” alisema. “Ya kwangu haiko mbali.” Akaenda kwa miguu katika mvua.