Kipande Kilichobaki Nyuma

Siku niliyoanza kazi, juu ya dari ya nyumba moja ya Amu, kisiwani Lamu, walikuwapo Fundi Mkuu, Athmani wa Kiwayu, ndugu wawili wa Pate, Shee na Kombo, na Bi Zuena mwenye nyumba, aliyepanda kuleta kahawa na kutazama chokaa yake inavyotumika. Wa mwisho nilikuwa mimi. Mwaka ule mama alikuwa amemfuata baba kaburini, nami nikaacha shule kwa sababu wadogo zangu walihitaji kula.

Fundi Mkuu alinipa kipande, yaani ubao mzito wenye mpini, wa kupigia sakafu ya dari. "Hapa hatushindani kwa nguvu," akaniambia. "Msikilize mwenzio. Chake kikishuka, na chako kishuke."

Vijana wa siku hizi, wanaojenga kwa saruji, hawakuiona kazi hiyo. Tulipanga boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha tukamwaga chokaa iliyochanganywa na kokoto. Hapo tulijipanga mstari tukapiga, huku tukiimba na kunyunyiza maji, siku baada ya siku, mpaka sakafu ikawa kama jiwe moja. Vipande vilipaswa kutua pamoja. Pale pigo lilipolegea palibaki dhaifu, na mvua ingepaona.

Tulikuwa na desturi yetu ambayo Fundi Mkuu hakuambiwa. Mwenzetu akilegea kwa homa au kwa swaumu, wa kulia na wa kushoto walizidisha nguvu ili udhaifu wake usisikike. Tulikuita kufunikana.

Nilifanya kazi hiyo Amu, kisha Shela, kisha Ras Kitau zilipojengwa nyumba za wageni. Wadogo zangu wakakua, wakaenda Mombasa mmoja mmoja. Mimi sikuoa, kila mwaka nilisema mwakani. Akabaki kitinda mimba, Mwanaisha, naye alikuwa chuoni akinitegemea mimi.

Ras Kitau ndiko uchovu uliponikuta. Haukuwa ule wa jioni unaokwisha kwa usingizi. Huu niliamka nao. Nikipanda ngazi na karai la chokaa nilisimama katikati, moyo ukinipiga masikioni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, nikasema ni funga. Idi ikaja ikapita, nikasema ni umri. Suruali zikanipwaya. Sikumwambia mtu, maana nyumbani hakukuwa na wa kuambiwa.

Athmani alikuwa kushoto kwangu. "Bwana Omari, siku hizi waipapasa sakafu kama waipaka mafuta," alinitania. Kisha akapiga kwa nguvu, na Shee wa kulia akapiga kwa nguvu, na jina langu likabaki zuri. Walinifunika hivyo miezi mingi, kwa mapenzi.

Asubuhi moja Fundi Mkuu akawasimamisha wote. "Omari, piga peke yako."

Sikuwahi kukisikia kipande changu kikiwa peke yake. Mapigo ya mwanzo yalitua vizuri, halafu yakaanza kuachana, kila moja jepesi kuliko lililotangulia. Wenzangu walitazama chini.

"Amechoka tu, fundi," Athmani akasema. "Tutamsaidia."

"Mmemsaidia hata mimi nisimsikie." Fundi Mkuu akanishusha kope ya jicho kwa kidole chenye chokaa. "Mvivu hupiga vibaya tangu anapoanza. Huyu aanza vizuri kisha aishiwa. Na mato yake meupe. Ndoo, Omari," akaniita, "mashua iko pale, twende hospitali."

"Nikiacha kazi, Mwanaisha ataacha chuo kama nilivyoacha mimi."

"Na ukizikwa, ataendelea?"

Nikaweka kipande chini.

Hospitalini walinipima wakasema damu imepungua sana, wakatafuta inakopotelea. Ilikuwa ikivuja kidogo kidogo kwenye utumbo, palipoota uvimbe. Ilikuwa saratani, lakini bado iliwezekana kuikata. Kabla ya kupasuliwa nilihitaji damu, na wa kwanza kukunja mkono wa shati alikuwa Athmani. "Chukueni," akawaambia, "ila msimjaze sana, asije akatushinda kupiga."

Nilipopona nilipewa kazi nyepesi ya kulainisha kuta kwa chokaa, mpaka nilipostaafu. Mwanaisha alimaliza chuo; sasa hunipigia simu Ijumaa. Athmani alirudi Kiwayu, akafia huko.

Kwenu mnaofanya kazi, nasema hili tu: usingizi usipoondoa uchovu, na ukaendelea wiki baada ya wiki, usiuite funga wala umri kabla hujapimwa. Mara nyingi huwa ni jambo dogo. Mkapimwe tu.

Mara nyingine msikiti wa mtaani hutangaza kuwa mgonjwa anahitaji damu. Nami husikia milango ikifunguliwa, vijana wakiitana, kandambili zikipita kichochoroni. Mimi daktari amenikataza kutoa, kwa ajili ya ile saratani. Hukaa barazani peke yangu mpaka warudi, na damu ya Athmani bado nadaiwa.