Swali la msusi

Msusi wa mtaa wa Kasungami husuka macho yakiwa barabarani, vidole vikijiendea vyenyewe, na mistari inatoka imenyooka kama uzi. Mara kwa mara huvikung'uta kama mtu aliyetoka kunawa, maana vinakufa ganzi. Wateja wamempa sababu zote: sukari, shingo, kulalia mkono, mshipa uliobanwa kwenye kifundo cha mkono kwa kusuka. Huwasikiliza, kisha anauliza swali lake la kila siku: «Inakuuma, mama?» Hortense, mteja wake, aliona ni upole tu, akajibu hapana hata machozi yakimlenga. Leo amemwona msusi akishika sufuria ya moto bila kushtuka, akaelewa kuwa vidole vile havimwambii tena anavuta nywele kiasi gani.

«Inakuuma, mama?»

«Ndiyo. Legeza kidogo.»

Msusi akalegeza, akatabasamu. «Aksanti. Sasa tunasuka sisi bote mbili.»