Niliacha sigara, mama mukwe akaniletea mbili nirudie

Wakuu, salamu kutoka Nchelenge, Zambia, kando ya ziwa Mweru.

Kiswahili changu ni cha Kongo, munivumilie. Haya yamenipata mimi mwenyewe, siongezi chumvi. Na kama kuna mutu anashangaa kwamba mwanamke mwenye watoto alikuwa anavuta, ashangae haraka tuendelee.

Nilivuta miaka kumi na moja. Nilianza kule ng'ambo, Kongo, kabla hatujakimbia, nikavuka nayo.

Mimi nauza chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha. Siku moja nilibeba beseni kutoka ufukweni kwenda sokoni, nikakaa chini mara tatu njiani kutafuta pumzi. Mara ya tatu nikaitupa pakiti kwenye mtaro. Bila sherehe.

Kikohozi kilipungua. Lakini roho, wakuu! Hakuna aliyenionya kuhusu roho.

Wiki ya kwanza nilikuwa moto. Customer mmoja alinusa chisense yangu akasema ina mchanga. Nikaimwaga yote chini mbele yake. "Sasa ndiyo iko na mchanga. Nunua!"

Wiki ya pili, machozi. Kijiko kilianguka, nikalia. Bwana yangu akasema bonjour, nikalia. Musiniulize kwa nini.

Wamama wa kanisa wakanong'ona kwamba nina pepo. Nikawaambia, maombi sikatai, lakini ni pepo gani huyo anayemuingia mutu akiacha kitu kibaya?

Nikaenda kliniki. Nesi, mama wa Kibemba, akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mayo (ndiyo mama kwa Kibemba), hauna wazimu. Mwili umezoea nikotini, sasa unaidai. Wiki za kwanza ndizo mbaya. Ukiona haipungui, rudi, usikae nayo peke yako."

Sasa sikilizeni.

Mama mukwe tunakaa naye kiwanja kimoja. Miaka yote alinisema juu ya sigara, hata mbele ya wageni. Asubuhi moja akaingia jikoni, akafungua fundo la kitenge chake. Sigara mbili.

"Mama Grâce, vuta," akasema. "Watoto wanakuogopa. Ulipokuwa unavuta ulikuwa mutu muzuri."

Wakuu, mkono wangu ulisogea. Sitadanganya. Mate yalijaa mdomoni.

Kisha hasira ikaja, na siku ile ilinisaidia.

"Mama, ulinitukana niache. Nimeacha. Leo unataka nirudie? Hapana! Nikilia, acha nilie. Nikipiga kelele, nitaomba msamaha. Lakini sivuti."

Nikazivunja, nikazitumbukiza kwenye maji ya vyombo.

Akafunga tena fundo la kitenge. Halafu akauliza, polepole, "Donc, basi, tufanye nini?"

Hakuna mutu mwingine wa nyumbani aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikamwambia, ukiona uso wangu umebadilika, chukua watoto, usiniulize kitu, niache nitoke. Akakubali. Ikawa nikichemka, natoka, natembea ufukweni kwa kasi mpaka jasho, natafuna muhogo mubichi, narudi. Watoto nikawaambia kila asubuhi mbaya, "Leo mama yuko mubaya, si kosa lenu."

Yule customer nilimuomba msamaha. Hakurudi kununua. Sawa, ni haki yake.

Sasa ni miezi saba. Mood imetulia, ila siyo kila siku. Juzi tuligombana na bwana yangu nikaitamani kabisa. Nikatoka, nikatembea, nikarudi, tukamalizia ugomvi wetu. Bila sigara.

Nilichojifunza: ile hasira siyo tabia yako mpya, ni sigara inaaga kwa matusi. Iache iage. Na watu wa nyumbani uwaambie mapema. Mimi nilinyamaza, nikawaumiza bure, hilo ndilo ninalojutia.

Mulioacha, zile wiki za mwanzo mulizipitaje? Andikeni, nasoma zote.

Na wewe unayetaka kunishauri nivute moja tu ya kutuliza roho, usichoshe vidole vyako.