Kauboi Aliyeliliwa Kabla ya Kufa

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua dirisha la chumba ninamoandikia safu hii, jirani yangu anayeuza makaa akasimama nje na kuniambia, "Papa, kauboi amekufa." Nikamuuliza, "Katika filme gani?" Hakucheka. Alitua beseni lake chini, akasema polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Hapana, papa. Iko kwake nyumbani. Bibi yake iko nalia." Nilikaa. Jumamosi nilikuwa nimemwona katika soko la Makiso akibishana na muuza viatu kuhusu visigino, sauti yake ikifika upande wa pili wa barabara. Jumapili, baada ya misa, aliinama kufunga kamba za viatu hivyohivyo na hakuinuka. Wanasema ni shinikizo la damu. Bado naona ugumu kuamini, na kwa kuwa karibu mji mzima ulipata ugumu huohuo, nawiwa kuwaeleza wasomaji sababu yake.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuambiwa alikuwa nani. Kwa vijana nitasema hivi: kabla ya simu za picha, watu wa Kisangani walikuwa na kauboi wao, na kauboi huyo alikuwa mtoto wa wavuvi wa Isangi. Alicheza katika kumbi za parokia, kofia yake ikiwa imeshonwa na fundi wa mabegi. Wengi wetu hatujawahi kumwona farasi kwa macho. Yeye pia, nadhani, hakuwahi. Lakini kila mara aliingia jukwaani akishuka kutoka mgongoni mwa mnyama ambaye hayupo, akamfunga kwenye nguzo ambayo haipo, akampigapiga shingoni. Nilishuhudia watoto waliopanda jukwaani kumsalimia wakipita mbali na mahali pale, wasije wakapigwa teke. Sijaona usanii mkubwa kuliko huo, nami nimesoma mengi kuhusu usanii.

Uzee ulimfikia kama unavyotufikia sote, kwanza magotini. Kumbi zilifungwa au zikawa makanisa. Alipokuwa ameshapita miaka sitini, kijana mmoja anayepiga video za harusi alimwomba acheze komanda wa polisi, mtu mkali, katika filamu ya magendo ya dhahabu ya barabara ya Bafwasende. Watu walicheka. Kauboi mzee, na kofia ya polisi? Siku ya kwanza aliteremka kutoka katika jipu kwa ule mwendo wake wa zamani, mguu ukitafuta ardhi kutoka juu. Kijana akasimamisha kamera.

"Papa, komanda hana farasi."

"Mutoto, uliza fundi yeyote. Hii mashine iko na farasi makumi ndani yake. Ni mimi tu ndiye naziheshimu."

Wakamwacha ashuke atakavyo. Na kilichomfanya awe komanda wa kutisha hakikuwa bastola. Kuna mahali anapomhoji mfanya magendo: anavuta kiti, anakaa taratibu kwa sababu magoti yanamuuma kwelikweli, kisha anamkazia macho yule mfanya magendo. Mimi, niliyekuwa nimealikwa kutazama kazi hiyo, nilihisi nataka kukiri makosa ambayo sikuyafanya.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Katika hadithi, komanda anauawa, na ilibidi kuonyesha matanga yake. Fedha ya kukodi uwanja haikuwapo, kwa hiyo walitumia parseli ya kauboi mwenyewe, yaani kiwanja cha nyumba yake, kule Mangobo. Wakaweka turubai na viti vya plastiki. Kisha, kama tufanyavyo sote, wakakata matawi ya mchikichi na kuyasimika kando ya barabara, mbele ya mlango. Kila mtu hapa anajua matawi hayo yanasema nini: hapa pana msiba. Mwenye baiskeli akiyaona anashuka na kuisukuma, mwenye redio anaizima. Mtu mmoja aliyekuwa akiteremka kwenda kupanda boti aliyaona, akaijua nyumba, akaibeba habari mtoni mpaka Yanonge, na kutoka Yanonge ikafika Isangi.

Jamaa zake walikuja kwa pirogi, mtumbwi wenye mota, na muhogo, na samaki wa moshi, na kilio. Mbele alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Tulisikia sauti yake kabla ya kumwona. Alipoingia uani alimkuta ndugu yake amekaa chini ya turubai katika sare ya polisi, akila sombe, mboga ya majani ya muhogo. Alianguka. Tukamwinua. Alipopata pumzi aliongea Kiswahili cha mji, ili sote tusikie.

"Nani alikata hii matawi?"

"Yaya, ni ya filme," alisema kauboi, akimwita kama tunavyowaita dada wakubwa, bado akitabasamu. "Ni kazi."

"Kazi. Basi machozi yangu iko kazi? Nililia tangu Isangi mpaka hapa. Nililia mpaka mwenye mota naye akalia, na yeye hakujui."

"Yaya, nisamehe. Keti, ukule."

"Mimi sikulaka chakula na maiti. Sikiliza. Nimeisha kukulilia. Siku utakufa ya kweli, usitume mutu kwangu. Mutu moja hawamulilie mara mbili."

Chakula hakikuweza kurudi, maana cha matanga hakirudi. Alikigawa kwa majirani, akateremka mtoni bila kuingia nyumbani. Tangu siku ile hakumsalimia tena ndugu yake. Kauboi alimtumia chumvi, akamtumia vitambaa, hatimaye akaenda mwenyewe mpaka Isangi. Dada yake alikaa mlangoni akimenya ndizi, akimtazama kama mtu anavyotazama mahali palipo wazi. Kauboi alinisimulia hayo bila mzaha wowote. "Watu wa filme waliniua mara moja," aliniambia. "Yaya ananiua kila siku, na yeye ndiye iko na haki."

Wako watakaosema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Methali hiyo haifai hapa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akifanya mzaha. Walikuwa wakifanya kazi, tena kwa bidii. Kijana wa video aliniuliza, na swali lake lilikuwa la haki, "Bila matawi, nani ataamini?" Ndiyo maana aliyahitaji: yalikuwa bado hayajawahi kusema uongo. Farasi ambaye hayupo ni mali ya msanii, amemuumba, anaweza kumfunga popote. Matawi ni mali yetu sote, na imani yetu humo ina kiasi chake. Siku hizi tunapokea kwenye simu picha zenye mishumaa, za kutangaza vifo vya watu tuliokunywa nao chai asubuhi, na tunazifuta kwa kidole. Sikudhani siku moja tungeyafuta hata matawi.

Jumatatu hiyo nilikwenda Mangobo, nikaona kwa macho yangu. Matawi yalikuwa yamesimikwa, mabichi kabisa, na baiskeli zilipita bila kupunguza mwendo. Viti vilikuwa vitupu. Yule kijana wa video alikuwa amesimama barabarani, mikono kichwani, akiwasihi wapita njia, nao wakimuuliza, "Kamera umeificha wapi?" Mwingine akapaza sauti, "Komanda, fufuka, tumekuona." Ndani mjane aliwasikia. Watu wa nyumbani walipiga simu Isangi kwa dada. Mpwa wa marehemu alijibu kwa aibu: mama anasema alishalia.

Dada alifika kesho yake, peke yake, bila chakula na bila sauti. Alikwenda moja kwa moja kwa maiti, akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo muda mrefu. Kisha alitoka, akayang'oa matawi moja moja na kuyalaza nyuma ya nyumba. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Akaanza na mlango wa kwanza wa avenyu, yaani mtaa ule.

"Ndugu yangu amekufa. Niko dada yake mukubwa. Nimemugusa."

Alisema hivyo mlango kwa mlango, mpaka mwisho wa avenyu, kisha upande wa pili. Jioni viti havikutosha. Watu walikaa juu ya matofali. Yeye hakulia, wala pale uani, wala makaburini, udongo ulipoanza kuanguka. Neno lake alilitunza. Mimi nilijifunza kwake kwamba ishara ya wote ikishatumiwa kwa uongo, hata uongo usio na nia mbaya, haiponi kwa maelezo. Lazima mtu mmoja, na mara nyingi ni yule aliyeumizwa zaidi, atembee kwa miguu yake na kuusema ukweli kwa kinywa chake.