Nilivyopoteza nafasi ya PhD nikisubiri muhuri ambao hakuna aliyeuomba

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejitungia mwisho wenye ndege na koti la baridi.

Niko Kasongo, Maniema. Nafundisha hesabu sekondari, ila nilisomea uhandisi wa barabara. Ndiyo, barabara, huku kwetu. Chekeni mmalize.

Mwaka juzi chuo kimoja cha ng'ambo kilitangaza nafasi ya PhD: kuchunguza udongo wa barabara za vumbi mvua inaponyesha. Wakuu, udongo huo nimeula! Njia ya Kabambare imeniangusha na pikipiki mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya wanafunzi.

Walitaka CV na barua ya mtu anayeijua kazi yangu. Basi.

Baba mdogo Shabani, muuza vitenge aliyenilea, akashika usukani. "Tafuta barua ya mutu mukubwa," akasema.

Nikapata tatu: ya chifu, ya sheikh na ya padri. Mihuri mitatu mikubwa. Zote zilisema nina adabu, nasalimia watu na sinywi pombe. Nikatuma kwa mbwembwe.

Profesa akajibu kwa upole. Amefurahi kwamba sinywi, ila angependa kujua kama naweza kupima udongo. Akaniongezea siku kumi.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba nina mwalimu! Mzee Ramazani, aliyenisimamia kazi ya mwisho chuoni, amestaafu na analima mihogo Kabambare. Nikapanda pikipiki, siku mbili za tope.

Akaandika palepale, kwenye karatasi ya daftari. Kwamba niliwahi kukosea vipimo vya udongo wa Lusangi, hakuna aliyegundua, nikarudi mwenyewe kwa miguu kupima upya.

Nililia, sifichi. Sikujua kama aliniona siku ile nikirudi kupima.

"Utume leo," akaniambia. "Réseau ya simu iko pale kwa duka."

"Ndiyo, mwalimu."

Sikutuma. Barua haina muhuri! Si wataona nimejiandikia mwenyewe? Nikarudi nayo Kasongo.

Baba mdogo akaigeuza mbele na nyuma. "Cachet iko wapi? Hii iko karatasi ya kufungia karanga."

Nikaenda ofisi moja hapa mjini. Muhuri ulikuwepo, kwenye droo. Mwenye ufunguo alikuwa ameenda matangani, na ufunguo mfukoni.

Nikakalia benchi lao siku nne. Simu yenye bando ninayo mkononi, barua ninayo mkononi. Deadline ikapita nikiwa nimekaa vizuri kabisa.

Kesho yake jamaa akarudi, akapiga muhuri, akanipa pole ya kungoja.

Nikatuma hivyo hivyo. Profesa akasema barua imemshawishi, ila nafasi imejazwa jana. Akauliza jambo moja tu: ule mduara wa bluu ni wa nini?



Funzo ni fupi: wakiomba mtu anayekujua, wape anayekujua, na utume siku hiyohiyo. Wakubwa waacheni wapumzike.

Ila kinachoniuma si nafasi. Mzee Ramazani anaamini nilituma siku ileile na nafasi nikaipata. Hunipigia kuuliza nasafiri lini, nami namjibu visa inachelewa.

Nimwambieje mzee wa watu? Andikeni hapa chini, wakuu. Hata bila muhuri nitapokea.