Aliyekwenda Ng'ambo Bila Kupanda Feri

Habari ya kifo cha bwana mmoja mfanyabiashara wa kamba ilinikuta Changamwe, nilikokuwa nikipakia magunia kwa kibarua, na neno la kwanza lililonitoka halikuwa pole. Niliuliza, "Amefia wapi?" Aliyeniletea habari akanitazama kwa mshangao. "Kwake Likoni, kitandani mwake. Ulitaka afie wapi?" Nikashusha pumzi, nikasema alhamdulillahi, hata wenzangu wakadhani nilikuwa na ugomvi na marehemu. Sikuwa nao. Wanaonisoma wanajua kwamba shule niliiacha mapema, na tangu hapo natangatanga nikisoma kwa kuuliza watu maswali. Yeye aliyavumilia maswali yangu kuliko wengi, na kuna wakati, baada ya vita vikuu kwisha, alikaribia kutuhama moja kwa moja.

Kazi yake ilikuwa kamba za makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa mashimoni kwenye matope ya hori, ule mkono wa bahari uingiao nchi kavu, yakakandamizwa kwa mawe mpaka yalainike, kisha wanawake huyafukua, wakayaponda, wakasokota. Katika mtaa wake ilikuwapo desturi moja: shimo halifunguliwi ila mwenyewe amesimama ukingoni. Awe mgonjwa, awe safarini, hakuna atakayegusa hata jiwe la juu, maana ndivyo ugomvi wa kuibiana makumbi ulivyokomeshwa zamani.

Ndipo akaja dalali mmoja, mtu wa maneno matamu, kumshauri aandikishe kampuni Unguja na akakae huko. Nilikuwapo barazani siku ile. Dalali akasema wenye majahazi wananunua huko huko, na kamba yenye muhuri wa kampuni ya ng'ambo haiulizwi maswali. "Tena ukishtakiwa huku, kesi haikupati."

"Na nikidhulumiwa huku?" akauliza marehemu.

"Utashtaki huko."

"Yaani nipande meli nikalalamike?"

"Bwana wee, tajiri halalamiki, hutuma mtu!"

Tukacheka, lakini niliona maneno yamemwingia. Akanigeukia. "Wewe mzururaji, wasemaje?" Nikamwambia aende. Mimi kila mahali nisipokuwapo hunivutia. Mkewe, aliyekuwa akimimina kahawa, akasema, "Huyu usimuulize, hata mkeka wake haujui kwao ni wapi." Hakuwa akitania. Wanawake wengi waliishi kwa mashimo yale, naye akiwa mmoja wao.

Marehemu hakukubali wala hakukataa. Alifanya jambo ambalo sijaliona kwa mfanyabiashara mwingine: alisafiri kwa kujaribu kwanza, bila kutoka nyumbani. Aliwatangazia watu kwamba kuanzia kesho yuko Unguja, akajifungia chumba cha ndani na kahawa yake. Anayepiga hodi anajibiwa na mkewe, "Bwana yuko ng'ambo," huku kikohozi cha bwana kikisikika nyuma ya pazia. Mtaa mzima ulicheka, lakini mtaa mzima uliucheza mchezo.

Na tusimdhulumu dalali, mambo mengi yalikwenda vizuri. Kamba ziliuzwa. Watu waliokuwa wakimjia kwa kila neno dogo walijifunza kuamua wenyewe. Alilala mchana, akanenepa. Nilipomtembelea akaninong'oneza, "Ng'ambo kuzuri, wallahi." Nami nikaona ushauri wangu umeshinda.

Kisha makumbi yakawa tayari. Kiongozi wa waponda, mama mmoja wa Kidigo mwenye sauti ya kuvuka hori, akaja dirishani. "Mwambieni aliye Unguja shimo limeiva!"

Kutoka ndani marehemu akajibu kwa sauti nyembamba ya kuigiza, "Habari hazijamfikia."

"Afungue wakala wake," sauti ile ikaongeza. Wakala alikuwa yule dalali. Akaletwa ukingoni na viatu vyake vyeupe, akaamuru shimo lifunguliwe. Hakuna aliyeinama. Akaamuru tena. Mama yule akamwambia kwa upole, "Abee bwana, tumekusikia. Lakini wewe si mwenyewe." Wakarudi makwao. Waliporudi tena na tena bila mtu wa kusimama, makumbi yakaoza kupita kiasi, nyuzi zikawa zinakatika kama karatasi iliyolowa. Asubuhi aliyoletewa fungu moja lililozolewa na maji kutoka shimoni alishike, marehemu alitoka chumbani na shuka lake, akashuka mpaka matopeni bila viatu, akaita, "Haya, nimefika! Fungueni, tuokoe yaliyobaki!" Dalali alipewa jibu lake siku hiyo, akaenda kumtafuta mwingine. Alimpata, na nasikia huyo amestawi Unguja, maana biashara yake ni vitambaa, na kitambaa hakimngoji mtu ukingoni.

Niliwaza sana kuhusu hilo njiani kwenda mazishini. Siku hizi kila mwenye kibanda anaambiwa aandikishe kampuni mahali pengine, naye hupima faida, ushuru na soko. Kutokuwapo kwake hakupimi.

Nilifika Likoni mazishi yamekwisha, nikiwa na hofu moja: sasa nani atasimama? Nikamkuta mkewe ukingoni mwa hori katika nguo za eda, nikashangaa kumwona nje. Kumbe marehemu, alipoanza kuugua, aliwakusanya waponda wote akamsimamisha mkewe mbele yao, akasema, "Huyu akisimama, nimesimama mimi," na wazee wakaridhia kwamba kwa kazi hii atoke. Mawe yakaondolewa, harufu kali ikatupiga usoni, na nyuzi zikatoka ndefu na imara. Yule mama wa Kidigo akazivuta kwa mikono miwili, zisikatike, akasema, "Haya, bwana yupo." Tukacheka, mjane akacheka nasi. Ukitaka kujua kama unaweza kuondoka, kwanza tazama nani ataaminiwa ukingoni mwa shimo lako.